Shimo Si Tundu: Kiswahili na Istilahi za Topolojia

Mjadala wa istilahi katika Kiswahili una desturi ya kuanzia na kuishia kwenye vitu vinavyoshikika. Wakereketwa wa lugha hii wamebishana miaka nenda miaka rudi iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Iwapo simu iwe ya mkononi au rununu. Iwapo runinga imeishinda televisheni au imeshindwa nayo. Mabishano hayo yameikuza lugha na hayafai kubezwa. Hata hivyo, yana wepesi wake: kitu chenyewe kiko mezani, kila mbishi anakiona, na jina lolote litakalochaguliwa halitampunguzia mtu uelewa wake wa kitu hicho. Asemaye tarakilishi na asemaye kompyuta hubonyeza kitufe kile kile. Kazi ngumu zaidi iko kwenye dhana ambazo haziwezi kunyooshewa kidole, na ambazo zikipewa jina bovu watu huzifikiria kwa ubovu huo huo.

Topolojia ni mojawapo ya dhana hizo. Hisabati, fizikia na uhandisi wa leo haviwezi kuzungumzwa kwa undani pasi na kuitaja. Mfasiri wa Kiswahili anapokutana nayo katika matini ya kigeni, aghalabu huikuta imeandamana na jirani zake wawili, yaani dhana ya umbo na dhana ya mpangilio, naye hushawishika kuyatia yote matatu katika kapu moja liitwalo "umbo". Kapu hilo halitoshi. Tofauti baina ya mambo hayo matatu ndiyo inayoziendesha sayansi husika, na lugha inayoifuta tofauti hiyo imejifungia mlango yenyewe. Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili hakina sababu ya kuifuta, kwa kuwa sehemu kubwa ya msamiati unaohitajika imo tayari vinywani mwa wasusi, wavuvi, mafundi cherehani na watunzi wa mashairi.

Chimbuko la elimu hii husimuliwa kwa kisa cha mji wa Königsberg, uliokuwa Prussia na ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mto Pregel uliugawa mji katika sehemu nne za nchi kavu, nazo ziliunganishwa kwa madaraja saba. Swali lililowashughulisha watu lilikuwa hili: je, mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu, bila kuliruka wala kulirudia hata moja? Mwaka 1735 mwanahisabati Leonhard Euler aliwasilisha jibu lake mbele ya Chuo cha Sayansi cha St Petersburg. Haiwezekani. Sehemu yoyote ya nchi isiyokuwa mwanzo wala mwisho wa safari lazima iingiwe na kutokwa, hivyo madaraja yake huhesabiwa kwa jozi. Katika mji ule, sehemu moja ilikuwa na madaraja matano na tatu zilizobaki zilikuwa na matatu matatu. Zote nne ni witiri, ilhali safari inaweza kustahimili sehemu mbili tu za namna hiyo, ya kuanzia na ya kumalizia.

Msomaji azingatie kisichokuwamo katika jibu hilo. Hamna urefu wa daraja, upana wa mto wala pembe ya barabara. Madaraja yangeweza kunyooshwa au kupindwa kama nyoka na jibu lingebaki lile lile. Kilichohesabiwa ni nini kimeungana na nini.

Jina lenyewe lilikuja baadaye. Mjerumani Johann Benedict Listing alilitumia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1847. Henri Poincaré wa Ufaransa, ambaye kwa makala yake ya mwaka 1895 aliiwekea elimu hii misingi yake ya kisasa, aliiita kwa Kilatini "uchanganuzi wa mahali". Listing naye alikuwa ameanzia kwenye neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo ya mahali. Ni rahisi kuona jinsi mwanaistilahi mwenye pupa angeunda "elimumahali" na kwenda zake akiwa ameridhika. Istilahi hiyo ingepotosha. Mahali, kwa Mswahili, ni pale kitu kilipo. Topolojia nayo haijali kabisa kitu kiko wapi. Elimumahali ingewafaa wanajiografia. Kwa jina la taaluma, basi, ni heri kubaki na topolojia kama tulivyobaki na fizikia na biolojia, na kuziweka nguvu za ubunifu pale zinapohitajika, yaani katika dhana zilizomo ndani ya taaluma.

Dhana ya kwanza ni ile ya uwazi ndani ya kitu. Kila anayeandika kuhusu topolojia hurudia mzaha kwamba mtaalamu wake hawezi kutofautisha kikombe na mkate wa pete, kwa kuwa kimoja kinaweza kufinyangwa hatua kwa hatua hadi kikawa kingine, bila kupasuliwa wala kugandishwa. Wazungumzaji wa lugha nyingi hukwama hapa. Huuliza: mbona kikombe kina mawazi mawili, pale chai inapokaa na pale kidole kinapopita? Lugha yao ina neno moja kwa yote mawili, na mwalimu hana budi kulitumia kwa maana ya ndani zaidi kuliko ile waliyoizoea. Kiswahili kinayo mawili. Pale chai inapokaa ni shimo. Pale kidole kinapopita ni tundu. Mtu huchimba shimo, hutoboa tundu. Uzi hupita katika tundu la sindano, wala hakuna aliyewahi kusikia shimo la sindano. Topolojia huhesabu matundu na kuyapuuza mashimo, kwani shimo linaweza kufinywa hadi likatoweka ilhali tundu haliondoki bila kuzibwa au kukatwa. Kweli matumizi ya kila siku hayajanyooka moja kwa moja (tundu la kuku ni kizimba, na lina mlango mmoja tu), lakini istilahi nyingi njema zimezaliwa kwa kuinyoosha tofauti ambayo lugha ilikuwa imekwisha kuianza.

Hata mzaha wa kikombe hubadilika ukifikishwa pwani. Finjani ya kahawa ya Mombasa au Lamu haina mkono, hivyo haina tundu. Kitopolojia iko pamoja na sahani, kitumbua na gololi, si pamoja na mkate wa pete. Mwalimu anayetaka kuwafurahisha wanafunzi awaulize shati lililofungwa vifungo vyote lina matundu mangapi. Wengi watasema manne: shingo, mikono miwili na chini. Kumbe ni matatu. Pindo la chini likivutwa likapanuliwa hadi kuwa ukingo wa nje, vazi zima hutandazika sakafuni kama kipande kimoja cha nguo chenye matundu matatu. Suruali, kwa hesabu hiyo hiyo, ina mawili.

Nguo zinafaa pia kuonyesha mpaka baina ya topolojia na mpangilio. Kikoi kikiwa kimekunjwa kabatini, kikiwa kimeanikwa kambani, kikiwa kimefungwa kiunoni mwa mvuvi, kina mipangilio mitatu tofauti. Umbo linaloonekana ni tofauti kila mara. Hata hivyo ni kipande kile kile cha nguo chenye ukingo mmoja, kisicho na tundu, na kikifunguliwa hurudi kilivyokuwa. Sasa fundi cherehani achukue ncha zake mbili azishone pamoja. Kikoi kimekuwa mrija. Kina kingo mbili, na hakuna kukunja wala kukunjua kutakakokirudisha. Kabla ya sindano kilibadilika mpangilio, baada ya sindano kimebadilika topolojia. Na iwapo fundi, kwa bahati mbaya, aligeuza ncha moja nusu mzunguko kabla ya kushona, atakuwa ameunda kile ambacho Listing na August Möbius walikifikia mwaka 1858, kila mmoja kivyake: utepe wenye upande mmoja tu na ukingo mmoja. Mdudu akitembea juu yake bila kuvuka ukingo atafika hadi "upande wa pili" na kurejea alikotoka.

Huenda msomaji akaona kwamba tofauti hii ni ya kuchezea tu. Basi na atazame kiwandani. Chukua mkono wa roboti wenye viungo viwili, bega na kiwiko, kila kimoja kikiweza kuzunguka duara zima. Kila mpangilio wa mkono huo huelezwa kwa pembe mbili. Pembe ya bega huzunguka ikarudi ilikoanzia, na ya kiwiko vivyo hivyo. Pembe hizo zikiwekwa pamoja, mipangilio yote inayowezekana hujipanga juu ya ngozi ya kitu mfano wa tyubu ya baiskeli: kuizunguka tyubu kwa njia ndefu ni kulizungusha bega, kuizunguka kwa njia fupi ni kukizungusha kiwiko. Mkono wenyewe haufanani na tyubu hata kidogo. Mhandisi anayetaka kuusogeza mkono pasipo kugonga kitu hutafuta njia juu ya tyubu hiyo ya fikra, na ni lazima ajue kwamba ina tundu, kwa sababu safari inayolizunguka tundu haiwezi kufinywa polepole hadi ikawa safari ya kubaki palepale. Mfasiri mwenye neno "umbo" pekee atalazimika kuandika kwamba umbo la maumbo ya mkono si umbo la mkono. Mwenye maneno mawili ataandika kwamba topolojia ya nafasi ya mipangilio ya mkono ni ile ya tyubu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataelewa.

Katika fizikia jambo lenyewe limefika mbali zaidi ya viwanda. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing, akifanya kazi Grenoble, alipima umeme katika tabaka jembamba sana la elektroni lililowekwa kwenye baridi kali na uga wa sumaku wenye nguvu. Upitishaji umeme haukubadilika kwa mteremko laini. Ulikwenda kwa hatua, moja, mbili, tatu, kila hatua ikiwa namba kamili ya kipimo kimoja cha msingi, na kwa usahihi uliowashangaza wanafizikia, kwani vipande vya maabara havikosi uchafu wala kasoro za umbo. Von Klitzing alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Maelezo ya kwa nini hatua zile ni kamili yalikuwa yametolewa mwaka 1982 na David Thouless pamoja na wenzake watatu: namba ile ni ya kitopolojia. Kitu hakiwezi kuwa na tundu moja na nusu. Uchafu hubadilisha umbo, lakini haubadilishi hesabu ya aina hiyo, maadamu haujawa mwingi mno. Thouless, Duncan Haldane na Michael Kosterlitz walipopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2016, mjumbe mmoja wa kamati aliwatolea waandishi wa habari mikate kutoka kwenye mfuko, mmoja usio na tundu, wa pili wenye tundu moja, wa tatu wenye matundu mawili. Mbele ya walimwengu, jambo gumu kuliko yote katika fizikia ya maada lilielezwa kwa chakula na neno moja. Neno hilo Kiswahili kinalo.

Uhandisi wa mitandao nao umeizoea dhana hii kiasi cha kuisahau. Mafundi husema mtandao una topolojia ya nyota, ya pete au ya wavu, wakiwa na maana ya namna vituo vilivyounganishwa, bila kujali waya umepita darini au chini ya zulia. Ramani ya reli za chini za London iliyochorwa na Harry Beck na kuchapishwa mwaka 1933 ilifanya vivyo hivyo: masafa yalitupwa, miunganiko ikabakizwa, na abiria wakaipenda. Afrika Mashariki imelionja jambo hili kwa uchungu. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mnamo Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika siku moja upande wa kusini, na huduma za intaneti zikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Swali la maana siku ile lilikuwa la Euler: zimebaki njia ngapi za kutoka hapa hadi kule? Aliyewaeleza wananchi kwamba "mtandao umeharibika" hakusema uongo, lakini hakueleza kitu.

Wanafunzi wa ushairi hawana haja ya kusafiri hadi Königsberg, kwa sababu wamekuwa wakifanya kazi hii darasani bila kuipa jina hilo. Mizani ni vipimo: mtu huhesabu silabi, kumi na sita au kumi na mbili, na ukipunguza moja umebadilisha shairi. Vina ni muungano. Katika mtiririko, vina vya kati na vya mwisho ni vile vile toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika ukara, kimoja hushikilia na kingine hubadilika. Katika ukaraguni, kila ubeti huja na vyake. Bahari hizi tatu hazitambuliwi kwa urefu. Shairi la mtiririko likifupishwa mizani kila mshororo, hubaki mtiririko, kama vile daraja la Königsberg likifupishwa hubaki daraja. Na pindu, ambapo mwisho wa ubeti mmoja huwa mwanzo wa ule unaofuata, ni mnyororo. Mtunzi akijaaliwa kuufungia ubeti wa mwisho kwenye wa kwanza, mnyororo umekuwa pete. Mhakiki asemaye "umbo la shairi" kwa mambo haya yote mawili, vipimo na miungano, anachanganya kile kile anachokichanganya mfasiri wa fizikia.

Pendekezo basi ni kwamba umbo liachiwe jiometri, mahali penye urefu na pembe. Mpangilio ubebe maana ya jinsi sehemu zilivyokaa kwa wakati fulani, na usanidi, ambao umekwisha kuzoeleka katika programu za kompyuta, ubaki kwa mipangilio inayowekwa na mtu kwa kusudi. Muungano au, kwa wanaohofia siasa za neno hilo, muunganiko, utaje sifa ya kitopolojia yenyewe. Tundu na shimo vitenganishwe bila huruma. Msuko utumike kwa nyuzi zinazopishana, zile ambazo Emil Artin alizitengenezea hisabati yake katika miaka ya 1920 na ambazo kila msusi wa nywele anazifahamu. Wanaojua msuko wa ushairi, wenye kibwagizo kifupi, hawatapotea, kwa kuwa hakuna atakayedhani kwamba nywele zina kibwagizo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kujisumbua, kwa kuwa topolojia hufundishwa chuo kikuu, na chuo kikuu ni cha Kiingereza. Hoja hiyo huzunguka kama utepe wa Möbius: Kiswahili hakifundishiwi sayansi kwa sababu hakina istilahi, na hakina istilahi kwa sababu hakifundishiwi sayansi. Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule zake za msingi za umma kwa miongo mingi, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nchini Kenya, katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Nyaraka za kiufundi zinazopaswa kuwafikia wananchi kwa lugha rasmi zitafasiriwa na wahitimu wa idara za Kiswahili, wala si na wahandisi. Mhitimu asiyeona tofauti ya umbo na muunganiko atafasiri taarifa ya gridi ya umeme kana kwamba ni maelezo ya sanamu.

Wapo pia, upande wa pili, wanaotia chumvi. Husema kwamba ngeli ya mahali, kwa kutenganisha hapa, huku na humu, inampa Mswahili topolojia tangu utotoni. Ni kweli kwamba "humu" hulazimisha undani ambao lugha nyingine huuacha wazi, na ni kweli kwamba Camille Jordan, mwaka 1887, alihitaji uthibitisho mrefu ili kuonyesha kwamba mstari uliofungwa usiojikata huigawa bapa kuwa ndani na nje. Lakini sarufi haimwondolei mtu kazi ya kuthibitisha. Inachompa ni swali lililokaa vizuri mdomoni.

Yapo maneno yasiyokubali kunyooka kwa urahisi. Fundo ni mfano. Kwa mwanahisabati, fundo ni uzi uliopindana kisha ncha zake zikaunganishwa, kwa hiyo haliwezi kufunguka. Kitanzi cha mvuvi, ambacho huachia ukivuta ncha, kwake si fundo kamwe. Kwa mhandisi wa mitandao, fundo lingeweza kuwa kituo ambapo njia hukutana, kama fundo la muwa. Dhana mbili, neno moja, na zote mbili hukutana katika kitabu kimoja cha topolojia. Nodi imependekezwa kwa ile ya pili na pengine itashinda. Kisha kuna ukingo, mpaka na pindo: fundi cherehani, msoroveya na mwanahisabati kila mmoja ana lake. Ukingo wa mto ni sehemu ya nchi kavu, mpaka wa shamba hauna upana, na pindo la nguo limekunjwa mara mbili likashonwa. Katika topolojia, kujua iwapo ukingo ni sehemu ya kitu au si sehemu yake ni jambo la msingi kabisa, na bado hakuna aliyewaketisha watatu hao meza moja.